Kalkuleta Niliyoifunika kwa Kiganja

Ninyi mnaoingia darasani na simu mfukoni, na wengine wenu na kompyuta ndani ya mkoba wa vitabu, msidhani mmekuwa wa kwanza. Kabla yenu kulikuwa na wanafunzi wa mitaa ya Jericho, Bahati na Makadara, hapa Nairobi, waliokwenda shule na saa zinazolia zenyewe na kalkuleta zenye tarakimu nyekundu kama makaa. Najua kwa sababu vitu hivyo vilipougua vililetwa kwangu. Nilikuwa fundi. Nilikaa kwenye kibanda karibu na soko la Jericho miaka tisa, na kwa mtu wa aina yangu, miaka tisa mahali pamoja ni kama ndoa.

Kijana mmoja wa kanisani kwetu ameniomba niandike mambo ya kazi ile, mcheke na mjifunze. Kucheka mtacheka. Lakini kuna jambo moja ambalo kila nikisimulia habari za kibanda kile huwa nalizunguka kama mtu anayezunguka dimbwi asichafue viatu. Leo nitalikanyaga.

Shule niliiacha darasa la sita. Si kwamba nilikosa karo. Shule yetu ilikuwa na redio moja ya kusikilizia vipindi vya masomo, na mimi nilitaka kujua sauti inakaa wapi. Siku moja wenzangu walipokwenda kucheza mpira nikaifungua kwa kisu cha mezani. Mwalimu alinikuta nimeitandaza yote juu ya dawati, nikiwa sijui kipi kilitoka wapi. Viboko nilivikubali. Kilichonishinda ni kwamba alipomaliza kunichapa nilimuuliza, "Sasa sauti inakaa wapi?" akasema, "Toka." Nikatoka moja kwa moja.

Baada ya hapo nilifanya kila kitu na sikumaliza chochote. Nilioka mikate. Nilivuta mkokoteni Gikomba. Nilikaa Mathare nikifua masanduku ya bati. Nilipaka rangi nyumba za Umoja zilipokuwa mpya, na za mtaa wa Tena baadaye. Kazi niliyokwisha kuielewa ilinichosha papo hapo. Mama yangu alisema nina miguu ya kuku wa kufukuzwa.

Aliyenishika ni Mzee Odera. Alikuwa amestaafu kutoka karakana ya ishara za treni, akafungua kibanda cha kutengeneza saa, na kalkuleta zilipoanza kuonekana mitaani akawa ndiye pekee upande wetu asiyeziogopa. Nilisimama mbele ya kibanda chake siku tatu nikimtazama. Siku ya tatu akainua macho.

"Wewe huna kwenu?"

"Ninako, mzee."

"Basi mbona unaishi kwangu?"

"Nimekuona ukiifungua hiyo saa. Nataka kuona unapoifunga."

Akacheka, akanisogezea kigoda.

Hebu niwaambie alichonifundisha, ili kazi nzuri isife na aliyeifanya vibaya. Betri ikivuja huacha unga wa kijani kwenye vyuma. Usiukwangue kwa kisu. Paka maji ya ndimu kwa unyoya wa kuku, ngoja, futa kwa spiriti, anika. Kitufe kisipoitika, usilaumu bodi. Fungua, utakuta chini ya kitufe kuna mpira mweusi uliochakaa. Chukua penseli laini, ile ya kuchorea, upake ule mpira weusi wa penseli. Kitufe kinaamka. Wanafunzi walipoona nikitibu mashine ya umeme kwa penseli yao wenyewe walidhani nawachezea.

Na ndani ya zile za kioo cha kijivu, zilizokuja baada ya zile nyekundu, kulikuwa na kipande cha mpira chembamba kama uzi wa kiatu, chenye mistari myembamba ya weusi na weupe. Hakikuuzwa peke yake, na hakikuwa na sura ya kitu cha maana, lakini ndicho kilichopeleka tarakimu kutoka kwenye bodi hadi kwenye kioo. Kikikaa vibaya kwa upana wa unywele, bodi inajua jibu na kioo kinasema lingine. Kumbukeni kipande hicho.

Sheria ya Mzee Odera ilikuwa moja. Ukimaliza kufunga kalkuleta, jaza kioo chote nane. Nane ndiyo tarakimu inayowasha vijiti vyote saba vinavyounda tarakimu. Kimoja kikifa, nane inakuwa kitu kingine, na wewe unakiona. Lakini hapo hujamaliza. Unaigonga mara tatu mgongoni, unaiweka juani juu ya meza kwa muda wa kunywa chai kikombe kizima, kisha unatazama nane zako tena.

"Mbona chai, mzee?" nilimuuliza. "Si nane nimeziona?"

"Mgeni akiwa mlangoni ukimuuliza hujambo atasema nini?"

"Sijambo."

"Hata kama anaumwa. Mwache aingie, akae, anywe chai. Ndipo atakwambia kinachomuuma. Na mashine ni hivyo hivyo. Ikiwa baridi husema sijambo."

Miaka ile shule ya sekondari iliyokuwa ng'ambo ya barabara ilikuwa na mwalimu wa hesabu, nitamwita Ndirangu, kijana mwenye suruali pana na maneno machache. Wakati huo wanafunzi walitumia kitabu cha majedwali, kurasa za tarakimu ndogo kama mchanga. Ndirangu akatangaza kwamba mwenye kalkuleta ya nyumbani alete darasani, asiye nayo akae na mwenye nayo, mradi kila hatua iandikwe kwenye karatasi. Mwalimu mkuu hakupenda. Alisema mashine zitawafanya watoto mabwege. Akamwachia Ndirangu kwa masharti kwamba siku litakapotokea jambo, zote zitarudi nyumbani.

Basi kazi ikafurika. Wengi hawakuwa na kitu, na asiye na kitu katika darasa la wenye vitu hubuni. Kulikuwa na mmoja aitwaye Mwaniki aliyekuja kunibembeleza.

"Niaje, fundi. Si unipe hiyo imekufa?"

"Utafanya nayo nini? Ndani haina kitu."

"Maze, nani ataangalia ndani?"

Nikampa ganda tupu. Kila Ndirangu alipomwuliza jibu, Mwaniki alibonyezabonyeza kwa uso wa mtu anayefikiri, kisha akasema, "Betri imeisha, mwalimu." Betri hiyo iliisha wiki tatu mfululizo. Alipokuja kuambiwa aifungue mbele ya darasa, ndani mlikutwa kipande cha sabuni alichotia ili iwe na uzito. Mpaka anaondoka mtaani jina lake lilikuwa Betri Imeisha.

Halafu zikaja saa za kulia kila saa inapotimia. Darasa moja lilikuwa na saa sita, na hakuna mbili zilizokubaliana. Ikifika saa nne, ya kwanza inalia, Ndirangu ananyamaza. Akifungua mdomo inalia ya pili. Ikabidi wote waje kwangu nizifunge midomo. Unafungua mgongo, unaona springi ndogo inayogusa kifuniko, unabandika selotepu hapo, basi. Siku moja mwalimu mkuu mwenyewe akavuka barabara, akatazama kushoto na kulia, akainama hadi kwenye sikio langu.

"Fundi. Hii yangu haina ugonjwa. Ila inalia."

Mzee Odera alikwenda nyuma ya kibanda akacheka hadi akakohoa.

Haya, kicheko kimetosha.

Rispa alikuwa kidato cha nne. Alikuwa mrefu, mwembamba, aliandika kwa mkono wa kushoto na rula chini ya mstari, hata akiandika jina la sabuni kwenye karatasi ya kutumwa dukani. Nyumbani kwao ilikuwa Makadara, kwenye nyumba za reli. Baba yake, mtu wa mkoa wa Magharibi, alikuwa karani wa stoo ya reli, akafariki Rispa akiwa kidato cha pili. Mama yake alishona sare za shule kwenye varanda, na walikuwa wakisubiri tu kuambiwa wahame nyumba ile. Kalkuleta aliyokuwa akija nayo shuleni ilikuwa ya marehemu baba yake. Aliibeba ndani ya soksi ya mtoto.

Ofisi moja ya wapima ardhi mjini ilikuwa ikichukua vijana wawili kutoka shule zetu za Eastlands, wawafundishe kazi huku wakiwalipa. Kungekuwa na mtihani wa hesabu asubuhi moja tu, kila mtu aruhusiwe kutumia chombo chake, kalkuleta au majedwali. Ndirangu alimwambia Rispa mbele ya wenzake kwamba kama kuna mmoja atakayechukuliwa hapa, ni yeye. Akichukuliwa, wangepata pa kuhamia. Asipochukuliwa, angekaa kwenye cherehani pamoja na mama yake. Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa, na mimi niliyajua, kwa sababu mama yake aliniambia yote alipoleta ile mashine.

"Imeangushwa, fundi. Tarakimu zinakuja nusu nusu. Mtihani ni kesho kutwa."

"Usijali, mama. Niachie."

Mzee Odera hakuwepo. Alikuwa amekwenda mazishini kwao, nami nilikuwa bwana wa kibanda. Nikaifungua. Kile kipande cha mpira kilikuwa kimepasuka. Nikatafuta katika mashine zilizokufa nikapata kingine, lakini kilikuwa cha kalkuleta ndogo zaidi. Kilipungua kidogo upande mmoja, chini ya upana wa ukucha. Nikakivuta, nikakibana, nikafunga. Nikajaza nane. Zote nane zikatoka, safi, nyeusi, zimesimama kama askari wa gwaride. Nikaigonga mara tatu. Nikaiweka juani, nikaanza kumimina chai.

Wakati huo huo akafika kijana mmoja aliyefanya kazi uwanja wa ndege. Akavua saa mkononi akaiweka mezani kwangu. Wanangu, ilikuwa saa, lakini chini ya kioo ilikuwa na vitufe kumi na sita, kila kimoja kidogo kama punje ya mtama. Saa na kalkuleta kitu kimoja! Nilikuwa sijawahi kuona. Nikasahau kwamba ninaishi duniani.

"Inapoteza wakati," kijana akasema. "Unaweza?"

"Naweza," nikasema, na sikujua kama naweza. Nilitaka tu kuona ndani.

Nilipokuwa nimeifungua, nimeinamia na lenzi jichoni, nikasikia sauti ya Rispa.

"Shikamoo, fundi. Imepona?"

Sikuinua kichwa. Kalkuleta ilikuwa imekaa juani labda muda wa kumeza mate mara tano. Chai yangu ilikuwa bado imejaa.

"Marahaba. Imepona. Chukua."

"Nifanye mazoezi nayo kwanza nione?"

"Ya nini? Iko kama mpya. Iamini tu."

Akaitia kwenye soksi akaenda. Niligeuka kwenye ile saa, na nasema kweli, nilikuwa na furaha.

Mtihani ulifanyika katika ukumbi wa mabati wa kanisa fulani, watahiniwa wengi, jua kali la Januari juu yao. Majibu yalipotoka, Rispa hakuwemo. Ndirangu alikwenda mwenyewe mjini kuuliza, akaonyeshwa karatasi yake, akaruhusiwa kunakili swali lililomwangusha. Lilikuwa la shamba la pembe tatu. Zidisha 236 kwa 58, kisha gawa kwa mbili. Rispa alikuwa ameandika 13,588. Chini yake, nusu, akaandika 6,944. Bwana mmoja wa ofisi ile alimwambia Ndirangu, wengine wakisikia, "Mwalimu, huyu unayemsifu hajui nusu ya namba." Maana hata mtoto wa darasa la nne anaona kwamba nusu ya ile ya juu si ile ya chini.

Siku iliyofuata mama yake Rispa alimleta bintiye kwangu, amemshika mkono kama anayepeleka mtoto kwa daktari. Mama alikuwa na ile karatasi aliyonakili Ndirangu.

"Fundi, nakuuliza mbele ya Mungu. Mashine hii ilikuwa nzima? Huyu anasema aliandika alichokiona."

"Niliandika nilichokiona," Rispa akasema.

"Nyamaza, namuuliza fundi."

Nikaichukua karatasi. 236 kwa 58 ni 13,688. Nusu yake ni 6,844. Kila jibu lilikuwa limekosea mahali pamoja, tarakimu ya tatu kutoka kulia. Sita ikiwa tano. Nane ikiwa tisa. Ninyi mnaweza kuchora kwa vijiti vya kiberiti mkaona: ondoeni kijiti cha chini upande wa kushoto, sita inakuwa tano, nane inakuwa tisa. Hesabu ndani ya mashine ilikuwa sahihi mwanzo hadi mwisho. Kioo ndicho kilichosema uongo, na kioo kilisema uongo kwa sababu ya kipande changu kifupi, ukumbi ulipopata joto. Nilijua kabla sijaigusa mashine.

Ningeweza kusema pale pale. Ndirangu angepanda ngazi za ofisi ile na mashine mkononi. Labda wangemsikia, labda wasingemsikia. Lakini angekuwa na la kusema.

Nikaiwasha. Nikajaza nane. Ilikuwa imetoka ndani ya soksi, baridi. Nane zote zikasimama.

"Unaona, mama?" nikasema. "Nane zote. Mashine haina neno."

Mama akainama kutazama. Akamgeukia bintiye.

"Umeona? Umeona, Rispa? Kumbe baba yako alikuachia kitu kizima!"

"Mama, mimi niliona tano. Haki ya Mungu niliona tano."

"Uliona tano wapi? Ulikuwa unawaza nini? Nafasi kama ile! Unajua nilivyofunga nikiomba?"

Kalkuleta ilikuwa juu ya meza, juani, wao wakibishana. Nikawa naitazama. Na mbele ya macho yangu, polepole, kijiti kimoja kikafifia kikaisha, na nane ya tatu kutoka kulia ikawa tisa.

Nikaifunika kwa kiganja. Nikasema, "Hutokea, mama. Mtoto akiwa na wasiwasi vidole hupotea. Hata jicho hudanganya." Na chini ya kiganja kidole gumba changu kikatafuta kitufe cha kuzima, kikakipata.

Rispa alikuwa akinitazama mimi, hatazami mashine. Kisha akatazama vidole vyake. Sijui kama mmewahi kumwona mtu akianza kutojiamini. Haifanyi kelele yoyote.

"Basi ni mimi," akasema.

"Asante, fundi," mama yake akasema. "Mungu akubariki, wewe ulifanya kazi yako."

Nikaomba waniache nayo niisafishe vizuri bila malipo. Jioni hiyo nikabadilisha kile kipande kwa kingine kirefu, nilichokipata kwa kuivunja kalkuleta nzima ya Mzee. Kwa hiyo mnaona, kipande kilikuwepo siku zote. Rispa hakuja kuichukua. Alikuja mama yake. Mwalimu mkuu aliposikia habari alisimama mbele ya shule yote akasema mashine zimefanya hata mwerevu asijue kugawa kwa mbili, na kalkuleta zote zikarudi nyumbani. Ndirangu alihamishwa mwaka uliofuata.

Mzee Odera aliporudi kutoka mazishini niliweka uso wa kazi. Akaikuta ile kalkuleta yake imevunjwa, akakikuta na kile kipande kifupi nilichokitoa, nimekisahau kwenye kifuniko cha chupa. Akakipima kwa ukucha.

"Hiki kilikuwa ndani ya nini?"

"Ya majaribio tu, mzee."

"Ile ya binti wa Mama Rispa, inayosemwa mtaani, ulinywa chai?"

"Nilikunywa, mzee."

Tangu siku ile kila mashine niliyoifunga aliichukua, akajaza nane mwenyewe, akaiweka juani upande wake wa meza. Wateja walifikiri ni uangalifu wa wazee. Mimi niliijua ile hukumu. Nilivumilia miezi minne, kisha nikawaambia watu nimechoka na kazi ya kukaa. Miguu ya kuku wa kufukuzwa. Mara hii hakuna aliyenifukuza, nilikimbia mwenyewe. Odera alifariki nikiwa Nakuru nikiuza mitumba, na sikwenda kumzika.

Niliwahi kujiambia kwamba lilikuwa kosa la kazi. Kila fundi ana lake. Kipande kifupi ni kosa, na chai isiyonywewa ni uzembe, na hayo ningewasimulia mkacheka. Kiganja ni uongo, hakina jina jingine.

Uzeeni nimepata kiwanja kidogo Njiru. Nilipotaka kuezeka chumba cha pili niliambiwa kuna duka la vifaa vya ujenzi barabara ya Kangundo, mwenyewe ni mama asiyekosea: ukimpa vipimo vya nyumba anakwambia mabati mangapi, na halibaki bati wala halipungui. Nikaenda. Nilimkuta mama mrefu mwenye mvi, ameinama juu ya karatasi ya mfuko wa saruji, anapiga hesabu kwa kalamu. Mkono wa kushoto. Rula chini ya mstari.

Kijana wake akamwambia, "Mathe, si utumie simu? Watu wanangoja."

"Wangoje. Mimi na mashine tuliachana zamani. Vidole vyangu vinadanganya."

Watu wakacheka. Ni mzaha wake wa kila siku, ilionekana. Nikanunua misumari nisiyoihitaji, nikaondoka. Wiki iliyofuata nikanunua mingine. Nina misumari ya kujenga shule.

Mara ya tatu nilingoja wateja waishe.

"Mama, wewe ni Rispa wa Makadara. Mimi ni fundi wa Jericho."

Akanitazama. "Fundi wa kalkuleta."

"Ndiyo. Sikuiacha juani. Kipande kilikuwa kifupi. Uliona tano kwa sababu kioo kilionyesha tano. Hukukosea."

Hakuuliza nasema habari gani. Alichukua kalamu, akaandika 236, chini yake 58, akazidisha kwa mkono, hatua kwa hatua, kama mtu anayetembea katika nyumba aliyozaliwa. 13,688. Akagawa. 6,844. Akaweka ncha ya kalamu kwenye ile sita, kisha kwenye ile nane.

"Mahali pamoja," akasema.

"Mahali pamoja."

"Ulijua lini?"

"Siku mliyokuja. Iligeuka nikiitazama. Nikaifunika."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, nilikuwa hata nimeyatamani. Akakunja ile karatasi mara nne, akanipa.

"Mimi nimesikia," akasema. "Lakini si mimi uliyemwambia mashine ni nzima. Mama yuko hapo nyuma. Miaka yote hii anasema nilichezea nafasi nikiwa na mashine nzima ya baba. Ingia umwambie."

Akafungua kilango cha kaunta.

Nyuma ya duka palikuwa na chumba chenye dirisha kubwa, na kwenye kiti karibu na dirisha ajuza mdogo amejifunika shali, cherehani yake ya zamani ukutani imefunikwa kitambaa. Macho yalikuwa yamefifia. Akageuza sikio.

"Nani huyo?"

"Ni yule fundi wa Jericho, mama," Rispa akasema kutoka mlangoni. "Wa kalkuleta ya baba."

"Fundi! Yule mtu mwema?" Akanyoosha mikono yote miwili. "Karibu, karibu. Huyu mtoto alituaibisha, lakini wewe ulifanya kazi yako vizuri. Hujambo, mwanangu?"

Nikiwa bado mlangoni nikasema, "Sijambo, mama."

Akaagiza niletewe kiti. Nikakaa. Ikaletwa chai, kikombe kimejaa, nikainywa yote. Kisha nikaitoa ile karatasi mfukoni nikamwambia kinachoniuma.